Bi Arlys na Barua ya Mistari Minne

"Usiitume hiyo barua, Britta. Nasema kwa mara ya mwisho."

"Hii mara ya mwisho ni ya tano tangu niingie humu, Bi Arlys, na sababu bado hujanipa."

"Sababu ya nini, mwanangu? Barua nyingine unayo, ya Daktari Lislegard. Kurasa mbili nzima! Mama wa watu kakaa chini kaandika kurasa mbili, na mgongo wake ule. Weka hiyo, utoe ya Fusco."

"Lislegard ni daktari wa kijijini! Anatibu mafua na kuchomoa ndoana za samaki kwenye vidole vya wazee. Mimi naomba upasuaji. Niwapelekee mabingwa barua ya mama wa ndoana, niiache ya Fusco, mtu anayejulikana nchi nzima?"

"Kuchomoa ndoana nako ni kupasua."

"Usinichezee, Bi Arlys. Leo sina hamu ya kucheka."

Kweli hakuwa nayo. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya karani hata koti hajavua, msichana mfupi mwenye mabega mapana, maana baba yake ni mchimba madini, na babu yake alikuwa mchimba madini, huko juu Aurora ambako hata vumbi lina rangi ya chuma. Mkononi ameshika simu. Ndani ya simu fomu imejazwa yote, miaka minne ya kusomea udaktari imekunjwa humo, na kilichobaki ni kubonyeza mahali pamoja. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano, saa tatu asubuhi, wakuu wa mafunzo ya upasuaji wa Marekani yote wangefungua maombi ya wanafunzi kwa pamoja, na kila ombi lina barua tatu za madaktari wanaomsifu mwombaji. Atakayesifiwa vizuri ataitwa kwenye usaili, na kesho na keshokutwa atakuwa daktari wa upasuaji. Asiyesifiwa atasomea ubingwa wa kitu kingine, au asisomee kitu. Britta alikuwa na barua mbili zisizo na neno. Ugomvi ulikuwa juu ya ile ya tatu.

Na mwanafunzi haruhusiwi kusoma anachoandikiwa. Anatia saini mapema kwamba hataiona barua yake, leo wala mpaka anaingia kaburini. Asipotia saini, wakubwa huwaza kwamba daktari aliandika kwa woga, na barua haina uzito tena. Basi wote hutia, na Britta alitia. Lakini Bi Arlys Tveit, karani wa idara ya upasuaji hospitalini hapo kwa miaka thelathini na nne, barua ya Fusco alikuwa anaijua kuliko anavyozijua sala za kanisani kwake. Aliichapa mwenyewe.

Huyu Bi Arlys, aliyekaa hapo na sweta lenye picha ya bata na kikombe cha kahawa nyepesi mpaka unakiona kitako chake, si mzaliwa wa mji huu wa Duluth. Alizaliwa Floodwood, kwenye shamba la ng'ombe kumi na wanne, mwaka ambao baridi ilizidi hadi jogoo wa baba yake akaganda katikati ya kuwika. Nusu ya kwanza waliisikia Januari. Nusu ya pili ikatoka mwezi wa nne barafu ilipoyeyuka, na watu wakaacha chakula cha mchana mezani wakakimbilia kukamua, wakidhani kumekucha. Asiyeamini aende Floodwood akaulize, jogoo amekufa ila wenye kusikia bado wapo.

Alikuja mjini na miaka kumi na tisa, akijua kazi mbili, kukamua na kuchapa. Ng'ombe hospitalini hawapo, akachapa. Wakuu wa idara wamepita watano, yeye yupo. Mmoja alipasua watu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisugua tumbo lake mwenyewe, mwingine alikuwa anapiga mbinja na mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa akaamka anaujua wimbo wote. Wamekuja, wamestaafu, picha zao ziko ukutani kwenye korido. Picha ya Bi Arlys haiko popote. Maneno yake, lakini, yako nchi nzima, maana madaktari wa upasuaji hawapendi kuandika. Watasimama masaa kumi na moja juu ya ini la mtu bila kwenda haja, ila uwape karatasi tupu, jasho linawatoka. Wakawa wanasema tu, "Arlys, andika kama kawaida," na Arlys anaandika kama kawaida, nao wanatia saini huku wanatafuta miwani.

Kwa hiyo alijua, kuliko profesa yeyote, siku ya kuomba barua. Kila kundi la wanafunzi lililoanza zamu yake ya wiki nane alilikaribisha kwa sinia la vitafunio vya maboga na maneno yale yale.

"Sikilizeni, watoto. Omba Alhamisi ya mwisho ya zamu yako. Si Ijumaa, Ijumaa daktari mwili uko hapa, roho iko kwenye boti. Mwombe uso kwa uso, glavu bado za moto. Usimuulize kama anaweza kukuandikia barua, kila mwenye kidole anaweza. Muulize kama anaweza kukuandikia barua nzito, halafu mtazame machoni. Akitazama saa, mshukuru uondoke. Akikubali, mpe karatasi zako siku hiyo hiyo, mkumbushe Juni. Julai wanaingia madaktari wapya hawajui choo kiko wapi, na kila bingwa anawachunga hao wasiue mtu. Agosti wote wamehamia vibandani kwao ziwani. Ukiomba Septemba, bora ukaombe makaburini, huko angalau watu wana nafasi."

Hapo wanafunzi hucheka, na yeye huongeza kile kisa cha kijana aliyeomba Septemba, barua ikachelewa mpaka ikamkuta kijana mwenyewe ndiye mkuu wa mafunzo. Akaifungua, akaisoma, akajikataa.

Britta Hautala naye alicheka siku ile, Februari, mdomo umejaa maboga. Alielewa vizuri. Tatizo halikuwa kuelewa.

Tatizo lilikuwa malezi. Kule kwao machimboni, na hapa Duluth pia, na Floodwood, mtu hakubali kitu anapopewa mara ya kwanza. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, usijisumbue. Wakikukaribisha tena unasema, basi, kama ulikuwa unachemsha ya kwako. Mara ya tatu unasema nusu kikombe tu, halafu unakunywa vitatu. Anayekubali papo kwa papo ni mlafi, na habari zake zitajadiliwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa mpaka theluji iyeyuke. Bi Arlys mwenyewe, Duane alipomposa, alisema usijisumbue. Duane akaposa tena. Ya tatu wamekaa kwenye shimo la kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, na kabla hajapewa jibu Duane alishavuta samaki wawili na wa tatu alikuwa amechungulia kusikiliza. Miaka thelathini na moja wako pamoja.

Daktari Fusco, mkuu wa idara wa sasa, hakulelewa hivyo. Yeye ni mtu wa New Jersey. Mezani kwao, ukikataa mkate, unapofumba mdomo mkate umeshaliwa na shemeji yako.

Basi Machi, Alhamisi ya mwisho ya zamu ya Britta, Fusco alitoka chumba cha upasuaji kofia bado kichwani, akaja kwenye meza ya Bi Arlys akaegemea.

"Arlys, umemwona yule binti wa machimboni? Mikono ile! Nimempa tumbo alifunge, nimesimama kama mwanafunzi. Mimi ningemwachia amshone mama yangu."

"Mama yako alishafariki, Dokta."

"Ndiyo maana nasema. Angemfufua."

Na hapo hapo Britta akatokea koridoni na begi lake. Fusco akamwita kwa sauti iliyofika maabara.

"Hautala! Barua ya upasuaji nakuandikia mimi. Unaitaka?"

Uso wa Britta uliwaka mpaka masikioni. Mungu alikuwa amemfungulia mlango na kumwekea na kiti. Akasema alichofundishwa.

"Oo, hapana Dokta, usijisumbue. Una kazi nyingi."

"Haya," akasema Fusco, akaingia kwenye lifti.

Bi Arlys aliona yote. Alisimama, naye si mtu wa kusimama ovyo.

"Mkimbilie, Britta! Shuka kwa ngazi, utamkuta chini."

"Nitaonekanaje, Bi Arlys? Nimkimbize daktari mkubwa kama nadai chenji? Ataniuliza tena."

Sasa hapo ndipo uchungu wa mambo haya ulipo, na Bi Arlys anaujua peke yake. Angeweza kumsukuma yule mtoto kwenye ngazi. Angeweza kumpigia Fusco simu kabla lifti haijafika chini. Lakini yeye ni wa Floodwood, na masikio yake yalisikia maneno ya Britta yakiwa ya adabu, ya mtoto aliyelelewa. Akaketi. Akasema, "Labda atauliza tena, kweli," na akarudi kuchapa.

Fusco hakuuliza tena. Aprili Britta akaenda zamu ya watoto, Mei zamu ya wenye maradhi ya akili, Juni kijijini kwa Lislegard. Akikutana na Fusco kwenye mgahawa wa hospitali anasimama karibu naye kwenye foleni ya supu, anatabasamu, anangoja. Fusco anatabasamu pia, anachukua supu yake. Julai Britta akasema ngoja nifanye mtihani kwanza, nimpelekee alama nzuri. Alama zikatoka nzuri. Agosti, tarehe ishirini na sita, akamwandikia barua pepe iliyoanza kwa kuomba radhi na kuishia kwa kuomba radhi, na katikati palikuwa na sentensi moja ya kuomba.

Fusco alikuwa kibandani kwake ziwani. Alijibu neno moja, "Sawa."

Barua ikaandikwa tarehe tisa Septemba, siku ambayo Fusco alikuwa na barua ishirini na tatu za kumaliza kabla ya kukimbilia ndege. Alitembea huku na huku nyuma ya kiti cha Bi Arlys akitaja maneno, yeye akichapa. Walipofika kwa Britta akasimama.

"Hautala ni yupi?"

"Wa machimboni, Dokta. Wa Machi. Yule wa mikono. Ulisema ungemwachia amshone mama yako."

"Nilisema hivyo?" Akakuna shingo. "Si yule mrefu, anayecheza hoki?"

"Yule ni mwingine. Huyu ni mfupi. Uliita watu watazame alivyofunga tumbo."

"Arlys, toka Machi nimekuwa na wanafunzi arobaini. Siwezi kuapa kwa mtu ambaye simwoni usoni. Andika kitu salama."

Kikaandikwa kitu salama. Mistari minne. Kwamba Britta Hautala alifanya zamu yake katika idara, kwamba alifika kwa wakati, kwamba alikuwa mtulivu na mwenye adabu, kwamba anatakiwa kila la heri. Mtu wa nje akiisoma ataona ni barua nzuri. Lakini katika kazi ile, ambapo kila mwanafunzi huandikiwa kwamba hajapata kutokea mwingine tangu dunia iumbwe, kumsifu mtu kwa kufika kwa wakati ni kumfunika mchanga. Na kutoka kwa Fusco ni vibaya zaidi, maana yeye husifu kwa kurasa mbili. Mkuu wa mafunzo akiona mistari minne yenye saini ile, hatasoma zilizobaki. Atajiuliza tu msichana huyu alifanya nini mpaka akaandikiwa hivi.

Zamani Bi Arlys angejua la kufanya. Zamani angemwacha Fusco aende kwenye ndege yake, kisha angeweka tumbo lililofungwa, angeweka mikono, angeweka na mama aliyefufuka, na Fusco angetia saini akitafuta miwani. Amewahi kufanya hivyo kwa wanafunzi kumi na mmoja na hakuna aliyekufa. Wa kumi na mbili ndiye aliyemponza. Alimtilia sukari kijana mmoja mwenye aibu, kijana akachukuliwa hospitali ya Wisconsin, jimbo la jirani, na kule ikaonekana kwamba damu hawezi kuitazama, anazimia anaangukia mgonjwa. Mkuu wa Wisconsin akampigia Fusco. Fusco akaitafuta barua, akaisoma kwa mara ya kwanza, akaja mbele ya meza hii hii, na safari hiyo hakuegemea.

"Nukta moja, Arlys. Nukta moja isiyo yangu, au neno moja la barua litoke nje ya chumba hiki, unakwenda nyumbani siku hiyo hiyo."

Na nyumbani yuko Duane, mwenye ugonjwa wa damu, na vidonge vyake vinalipwa na bima ya kazi ya Bi Arlys. Miaka mitatu imebaki kabla Duane hajafikia umri wa kutibiwa na serikali. Bila bima vidonge havinunuliki, na bila vidonge madaktari wamesema itakuwa miezi. Kwa hiyo tarehe tisa Septemba Bi Arlys alichapa mistari minne, akaweka nukta zilizotajwa tu, akapeleka.

Ndiyo maana Jumanne ile alikuwa anazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, akisema usiitume, usiitume, na sababu haitoki.

"Sikia," akasema Bi Arlys, akijaribu njia nyingine. "Lislegard alikuona wiki sita. Alikula na wewe. Anajua hata sauna, kile chumba cha mvuke, unapenda ya moto kiasi gani. Fusco je, mmeonana mara ya mwisho lini?"

"Wiki iliyopita. Kwenye foleni ya supu."

"Akasema nini?"

"Akasema supu ina chumvi."

"Alikwita jina?"

"Kulikuwa na kelele," akasema.

"Mwanangu—"

"Nilimwomba Agosti, najua. Umeniambia mara elfu kwamba nilichelewa. Nimekubali, nilichelewa! Baba yangu kaniuliza mwezi mzima, Britta umeshamwomba yule daktari, namwambia bado baba, atauliza tena. Baba anasema ndiyo, subiri, usimsumbue mtu mkubwa. Sisi wote tumekaa Aurora tunangoja mtu wa New Jersey aulize tena! Sasa nimemwomba, kaandika, barua ipo. Wewe ndiye umebaki kunizuia. Kwa nini?"

"Sikuzuii. Nakushauri."

"Mshauri ana sababu."

Bi Arlys akainua kikombe akakuta kahawa imekwisha. Akakitazama ndani muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kikombe.

"Wapo waliowahi kutuma barua ya jina kubwa wakajuta," akasema. "Basi hivyo tu."

"Kwa hiyo ni mbaya."

"Sijasema."

"Umeisoma?"

Jokofu dogo la ofisini lilikuwa linanguruma. Nje ukungu wa ziwani ulikuwa umeziba dirisha lote, na meli ya mawe ya chuma ikapiga honi huko isikoonekana. Bi Arlys akautazama mlango wa Fusco uliofungwa. Ulikuwa na giza, lakini mtu huyu hutokea pande zote.

"Bi Arlys, nauliza. Umeisoma barua yangu?"

"Kahawa unataka? Nichemshe?"

"Naomba unijibu." Sauti ya Britta ilikuwa imeshuka, na hili lilikuwa gumu kwake kuliko mtihani wowote, maana mtu wa kwao hasukumi hivi. "Nauliza mara ya pili, na mara ya tatu ukitaka. Sijawahi kumuuliza mtu kitu mara tatu maishani. Wewe unachapa kila kinachotoka humu. Umeisoma?"

Mbele ya macho ya Bi Arlys palikuwa na Duane, saa kumi na mbili asubuhi, na kopo la vidonge ambalo hulitikisa kidogo kabla hajafungua, asikie vimebaki vingapi.

"Sikuisoma," akasema. "Alichapa mwenyewe."

Britta akapumua. Hakupumua kama mtu aliyepata nafuu. Alipumua kama mtu aliyemshika mwenzake mkono ndani ya mfuko wake.

"Hukuisoma. Basi unajuaje?"

"Najua tu, miaka thelathini na nne—"

"Hujui! Hujui kitu. Nimekuja hapa asubuhi hii kwa sababu simu yako ya jana ilinikosesha usingizi, nimeendesha gari kwenye ukungu kutoka ng'ambo ya daraja, nadhani Bi Arlys kaona kitu. Kumbe unabahatisha. Unajua ninavyoona? Nyie wa hapa mnatupenda sisi wa machimboni tukikaa tulipo. Nenda kijijini, Britta, kachomoe ndoana. Hata baba yangu hajawahi kunidharau hivyo."

"Britta! Mimi? Mimi nikudharau?"

"Sasa nieleweje?"

Na akabonyeza. Pale pale, amesimama, koti bado limefungwa vifungo vyote. Kidole kimoja, kile kile kilichomfanya Fusco asimame kama mwanafunzi. Simu ikatoa mlio mdogo kama wa ndege. Hospitali arobaini na mbili, kutoka Maine hadi Oregon, pwani hadi pwani, zikapokea barua tatu za Britta Hautala, na ikishakwenda haivutiki tena.

"Imekwenda," akasema. Akaitia simu mfukoni. Kisha, kwa kuwa hasira yake haikuwa na mazoea ya kukaa, ikamwacha papo hapo, akabaki na uso wa mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. "Imekwenda, Bi Arlys. Sasa huna tena cha kunizuia. Basi niambie nimefanya vizuri."

Bi Arlys akasogeza kando kikombe kitupu.

"Sema tu itakuwa sawa. Si ndivyo unavyowaambia wote?"

Ndivyo alivyowaambia wote. Miaka thelathini na nne, kila Septemba, wanafunzi wamekuja kusimama pale na koti, na yeye amewaambia itakuwa sawa na kuwapa kipande cha maboga kilichofungwa kwa karatasi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia. Yakakataa kutoka.

"Nimekudanganya," akasema.

"Nini?"

"Hakuchapa yeye. Yeye hajui hata kuweka karatasi kwenye printa. Niliichapa mimi, tarehe tisa, kwenye kiti hiki. Funga mlango."

Britta hakufunga. Miguu yake ilikuwa haijaelewa bado.

"Uliisoma."

"Machi alisema ungemshona mama yake. Nilimsikia kwa masikio haya, Britta, na ungemwomba siku ile ungepata kurasa mbili za—"

"Inasema nini?"

"Nilimkumbusha. Nakuapia, nilimkumbusha mara mbili, mikono, tumbo, yote—"

"Bi Arlys. Inasema nini?"

"Ina mistari minne," akasema Bi Arlys. "Wa kwanza unasema—"

Mlango ambao haukufungwa ukasukumwa kwa bega. Daktari Fusco aliingia na koti lenye unyevu wa ukungu, mkono mmoja begi, mkono mwingine glasi ya karatasi ya kahawa nzito anayoinunua njiani kwa kuwa ya pale ofisini huiita maji ya kunawia.

"Arlys, habari za asubuhi, Wisconsin wamepiga tena juu ya yule anayezimia?" Akamwona msichana. Akatabasamu kwa uchangamfu wake wote, na macho yake, upesi sana, yakashuka kifuani kwa Britta kwenye kitambulisho kilichoning'inia juu ya koti, yakasoma, yakapanda tena. "Ah! Britta! Karibu, karibu. Nimewakatiza?"

Bi Arlys alikuwa ameshageukia kompyuta.